Kupima Majitaka kwa Vifaa vya Kisasa: Mwongozo Kamili, Kuanzia Chemba hadi Skrini

Kihisi kinachoishi ndani ya majitaka huchafuka kabla hakijachakaa. Siku ya kwanza kinashushwa kikiwa kinang'aa, namba zinatokea kwenye skrini na kila mtu anafurahi. Wiki chache baadaye kimevaa koti la ute na nywele, na namba bado zinatokea kama kawaida. Kifaa kilichozimika utakijua mara moja. Kifaa kichafu kinaendelea kukupa jibu, na jibu hilo ni la uongo.

Mwongozo huu ni wa fundi, msimamizi au mhandisi kijana aliyekabidhiwa mtambo wa kutibu majitaka, uwe wa mji mdogo, wa kiwanda au wa chuo. Nimeupanga kwa mfuatano ninaoamini unaokoa fedha: uamuzi, usalama, mahali, kiasi cha maji, sampuli, ubora, usafi, na mwisho kabisa kuiachia kompyuta iendeshe mashine. Wengi huanza na huo mwisho, wakanunua skrini kubwa kabla ya kujua maji yao yanapita kwa wingi gani.

Hatua ya 1: Andika uamuzi kabla ya kuandika oda

Chukua karatasi uorodheshe maamuzi yanayofanyika mtamboni kila siku na kila wiki. Pampu iwake lini? Hewa ipulizwe kiasi gani? Tope litolewe kiasi gani leo? Nani amemwaga asidi kwenye bomba usiku? Je, maji yanayotoka yanatimiza masharti ya kibali? Mbele ya kila swali andika kipimo kinachohitajika, kihitajike mara ngapi, na kosa la ukubwa gani linavumilika. Kipimo ambacho hakina uamuzi mbele yake, usikinunulie kifaa.

Zoezi hili linafichua jambo moja muhimu mapema. BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kula uchafu, hupimwa kwa siku 5 katika nyuzi 20 za Selsiasi. Utamaduni huo umetoka Uingereza, kwa Tume ya Kifalme ya Utupaji wa Majitaka, ambayo katika ripoti yake ya mwaka 1912 ilipendekeza ukomo wa miligramu 20 za BOD na miligramu 30 za chembe zinazoelea kwa lita. Ni kipimo kizuri cha kusanifia mtambo na cha kumwonyesha mkaguzi. Hakiwezi kuendesha chochote, maana jibu linakuja wakati maji yale yamekwisha kufika mtoni siku 5 zilizopita. Kwa uendeshaji unahitaji vitu vinavyojibu kwa sekunde au dakika: kina, mwendo, oksijeni, pH (kipimo cha uasidi), amonia.

Hatua ya 2: Kabla ya kufunua mfuniko

Gesi ya haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza, na watu hudhani pua itawaonya. Gesi hiyo ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, pua inakufa ganzi na harufu inapotea huku sumu ikiendelea kuongezeka. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini ya chemba, pale hasa fundi anapoinamia kufunga kihisi.

Vaa kipima gesi cha aina 4: oksijeni, gesi zinazolipuka, haidrojeni salfaidi na kaboni monoksidi. Oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5. Methani huanza kuweza kulipuka ikifika asilimia 5 ya hewa, na kengele huwekwa ilie ikiwa bado sehemu ya kumi tu ya kiwango hicho. Shusha kipima gesi kwa kamba, upime juu, katikati na chini, kabla ya mtu kuingiza kichwa. Mwenzako abaki juu muda wote, na akikuona umeanguka asishuke kukuvuta bila vifaa vya kupumulia. Katika ajali za chembani waokoaji ni sehemu kubwa ya wanaokufa.

Kwa hiyo kanuni yangu ya ununuzi ni kuchagua kifaa kinachofungwa na kusafishwa kutoka juu. Kila kihisi kiwe kwenye fimbo au mnyororo unaovutika kwa mkono. Ukilazimika kushuka ndani kila unapotaka kukisafisha, hutakisafisha.

Hatua ya 3: Chora njia ya maji, kisha utafute mahali

Tembea na daftari kutoka bomba la kuingilia hadi la kutokea. Chora machujio ya taka ngumu, chemba ya mchanga, matangi, mabomba ya kurudishia tope, na njia za pembeni. Njia za pembeni ndizo zinazosahaulika, na maji yanayorudishwa mwanzoni kutoka kwenye ukamuaji wa tope yanaweza kuhesabiwa mara mbili usipoangalia.

Mahali pazuri pa kupimia ni pale maji yanapokwenda kwa utulivu, njia ikiwa imenyooka, mbali na kona, maporomoko na mdomo wa pampu. Tupa jani au kipande cha karatasi utazame. Kikizunguka au kikirudi nyuma, hapo hapafai, hata kama ndipo umeme ulipo karibu.

Hatua ya 4: Pima kiasi cha maji kwanza

Hapa nitakaa, kwa sababu kila kitu kingine kinategemea namba hii. Ukolezi wa uchafu bila kiasi cha maji haukuambii mzigo, yaani kilo za uchafu kwa siku.

Bomba likiwa limejaa maji wakati wote, kwa mfano baada ya pampu, tumia mita ya sumaku-umeme. Inafanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: maji yanayopitisha umeme yakikatiza uga wa sumaku huzalisha volti ndogo inayolingana na mwendo wake. Haina kitu kinachochomoza ndani ya bomba, kwa hiyo matambara hayana pa kunasa. Acha bomba lililonyooka lenye urefu wa angalau mara 5 ya kipenyo kabla ya mita, na mara 2 baada yake. Ifunge mahali maji yanapopanda wima, au bomba linapozama kidogo kama bakuli, ili lisibaki nusu tupu. Mita ya aina hii ikiwa kwenye bomba lililo nusu tupu inahesabu hewa kana kwamba ni maji.

Kwenye mfereji wa wazi, hupimi mwendo. Unalazimisha maji yapite kwenye umbo linalojulikana, kisha unapima kina tu. Kwa maji machafu yanayoingia, mfereji wa Parshall unafaa zaidi. Una shingo nyembamba iliyosanifiwa na Ralph Parshall, mhandisi wa Marekani, katika miaka ya 1920, na mchanga hupita bila kukwama. Kwa maji yaliyokwisha kutibiwa, bamba lenye pengo la umbo la V ni rahisi na sahihi mno. Pengo likiwa la nyuzi 90, kiasi cha maji kwa mita za ujazo kwa sekunde ni takriban 1.38 mara kina (kwa mita) kilichopandishwa kipeo cha 2.5.

Tuifanyie kazi. Kina cha sentimita 10 kinatoa karibu lita 4.4 kwa sekunde. Kina cha sentimita 11 kinatoa lita 5.5. Sentimita moja tu ya kosa, na umekosea kwa asilimia 27. Ndiyo maana namsihi kila fundi apime sifuri yake kwa rula na pimamaji, kile kifaa cha waashi cha kuhakiki usawa. Sifuri ni ncha ya chini kabisa ya V, si sakafu ya mfereji. Kina kipimwe kabla maji hayajafika kwenye bamba, umbali wa angalau mara 3 hadi 4 ya kina kikubwa unachotarajia, kwa sababu karibu na pengo uso wa maji huinama. Na maji yaanguke huru upande wa pili, hewa ikipita chini yake. Yakipanda yakagusa pengo, hesabu yote imeharibika.

Cha kupimia hicho kina ni kipi? Vipo vya mawimbi ya sauti na vya rada. Vya sauti ni vya bei nafuu, ila sauti hubadili mwendo kwa joto: mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, karibu 349 kwenye nyuzi 30. Kifaa kinajirekebisha kwa kipimajoto kilichomo ndani yake. Jua likikichoma hadi kiwe na joto la nyuzi 10 zaidi ya hewa iliyo mferejini, kwa umbali wa mita 1 tu kitakosea sentimita 1.7. Kwenye V ile yenye kina cha sentimita 10 hilo ni zaidi ya theluthi moja ya maji yote. Kijengee kivuli. Povu nene nalo humeza sauti. Rada haisumbuliwi na joto wala mvuke, na kama fedha inaruhusu mimi huchagua rada bila kusita.

Kwenye bomba kubwa la mtaani lisilojaa, ambalo huwezi kulijengea chochote, vipo vihisi vinavyopima kina na mwendo kwa pamoja. Kimoja hukaa sakafuni na kusikiliza mwangwi kutoka kwenye chembe na viputo, kingine huning'inia juu na kupima mwendo wa uso kwa rada. Cha juu hakishiki matambara.

Huna fedha ya chochote kati ya hivi? Una chemba ya pampu na saa. Chemba ya duara yenye kipenyo cha mita 2 ina eneo la mita za mraba 3.14. Pampu ikiwa imezimwa, maji yakapanda sentimita 60 kwa dakika 10, yameingia mita za ujazo 1.88, yaani lita 3.1 kwa sekunde. Iwashe. Yakishuka sentimita hizo 60 kwa dakika 3, pampu inatoa lita 10.5 kwa sekunde, jumlisha zile 3.1 zinazoendelea kuingia: 13.6. Hata mwenye mita ya bei ghali afanye jaribio hili kila baada ya miezi michache, kwani ndilo linalomwambia kama mita yake bado ina akili timamu.

Hatua ya 5: Sampuli na mzigo

Kopo moja lililochotwa saa 4 asubuhi linasimulia saa 4 asubuhi tu. Tumia kichota-sampuli kinachojiendesha, ukiunganishe na mita ili kichote kila baada ya ujazo fulani kupita, badala ya kila baada ya saa. Hapo saa za maji mengi zinapata nafasi yao halisi kwenye chupa. Chupa zikae kwenye ubaridi wa nyuzi 1 hadi 5, na kipimo cha BOD kianze ndani ya saa 24. Mdomo wa bomba la kuchotea uwe katikati ya mkondo, usikwangue sakafu wala kunyonya povu.

Chupa hizohizo huisaidia pia afya ya umma. Mwaka 2022 virusi vya polio viligunduliwa kwenye majitaka ya London bila mgonjwa yeyote kupooza, na watoto wakapewa chanjo ya nyongeza.

Mzigo ni hesabu fupi: ukolezi kwa miligramu kwa lita, mara mita za ujazo kwa siku, gawanya kwa 1,000, unapata kilo kwa siku. Mita za ujazo 500 zenye BOD ya 300 ni kilo 150. Umoja wa Ulaya huhesabu gramu 60 za BOD kwa mtu mmoja kwa siku. Basi mtambo huu unapokea uchafu unaolingana na wa watu 2,500. Ukiwa unahudumia watu 1,200 tu, kuna kiwanda au karakana mahali fulani ambayo hujaichora kwenye ramani yako.

Hatua ya 6: Vihisi vya ubora, kwa mpangilio wa kununua

Anza na pH, joto na upitishaji umeme. Ni vya bei ndogo na vinatoa habari nyingi. Upitishaji umeme ukishuka ghafla mvua inaponyesha, maji ya mvua yanaingia kwenye mabomba yako. Ukipanda ghafla usiku, kuna aliyemwaga chumvi au kemikali.

Kinachofuata ni oksijeni iliyoyeyuka. Nunua cha mwanga, ambacho hupima jinsi rangi inayong'aa inavyofifishwa na oksijeni. Vile vya zamani vya utando na kimiminika vinadai matunzo mengi zaidi. Kukihakiki ni rahisi: kisafishe, kikaushe, kiache kwenye hewa yenye unyevu, kisome asilimia 100. Kumbuka kukiingizia kanieneo ya mahali ulipo. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hushika miligramu 9.1 kwa lita, na milimani hushika pungufu.

Amonia ni kihisi chenye faida kubwa na kero kubwa. Vya elektrodi huyumba kila wiki, na potasiamu huvidanganya vikaiona kama amonia. Linganisha na maabara angalau mara moja kwa wiki, la sivyo usivinunue kabisa.

Vihisi vya miali ya urujuanimno yenye urefu wa nanomita 254 hukadiria COD, yaani oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali, papo hapo, wakati maabara huchemsha sampuli na kemikali ya daikrometi kwa saa 2 kwenye nyuzi 150. Lakini kihisi hakioni COD yenyewe. Kinaona vitu vinavyomeza miali hiyo, na sukari na pombe haziimezi. Kwa kiwanda cha vinywaji kifaa hiki kinaweza kuonyesha maji safi huku mtambo ukizidiwa. Kabla ya kukiamini, chukua sampuli kadhaa za siku tofauti, chafu na nyepesi, uchore grafu ya namba zake dhidi ya za maabara. Na mabaki ya vipimo vya COD yana zebaki na kromiamu. Yakusanywe kwenye chombo maalumu, yasimwagwe kwenye sinki.

Hatua ya 7: Nyaya na mawasiliano

Hapa sina mengi. Ishara ya umeme ya miliampea (mA) 4 hadi 20 bado ni rafiki wa fundi, kwa sababu sifuri yake ni 4, na waya ukikatika unaona 0 ukajua. Mita iliyowekwa kusoma lita 0 hadi 50 ikitoa mA 12, iko kwenye lita 25. Hakikisha kompyuta na mita zina upeo uleule. Kosa hilo dogo linaweza kuishi miaka. Kwa chemba za mbali, mtandao wa simu au LoRaWAN (mtandao wa redio wa masafa marefu unaotumia umeme kidogo) unatosha, betri ikidumu muda mrefu kwa kutuma kila dakika 15. Kifaa kihifadhi takwimu ndani yake mtandao ukipotea. Weka kinga ya radi pande zote mbili za waya.

Hatua ya 8: Usafi na uhakiki

Andika ratiba yenye jina la mtu. Tangi la hewa: vihisi vifutwe kila wiki kwa kitambaa laini na maji. Maji yanayoingia: mara mbili kwa wiki, au zaidi kama kuna mafuta. Vifaa vyenye hewa ya kujipuliza au wiper vinapunguza kazi, haviiondoi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Soma namba kabla ya kusafisha, uiandike. Safisha. Soma tena palepale majini, uandike. Tofauti ya hizo mbili ni uchafu, na inakuambia kama ratiba yako ni ndefu mno. Kisha weka kihisi kwenye kimiminika cha kipimo kinachojulikana. Tofauti itakayobaki ni kuyumba kwa kihisi chenyewe. Rekebisha tu kama imevuka ukomo uliouweka. Anayerekebisha kila siku anakimbizana na mabadiliko madogo yasiyo na maana. Na usirekebishe kamwe kihisi kichafu, kwa sababu utakuwa umeufundisha uchafu kuwa kweli.

Hatua ya 9: Soma takwimu kwa jicho la mashaka

Kuna sura tatu za namba mbovu. Mstari ulionyooka kabisa kwa saa nyingi: majitaka hayatulii hivyo, kihisi kimeganda. Mruko wa ghafla na kurudi: tambara, kiputo au umeme. Mteremko wa polepole wa siku nyingi: utando wa uchafu. Weka programu izitie alama zote tatu.

Halafu linganisha vipimo kwa vipimo. Maji yanayotoka kwa wiki yakaribiane na yaliyoingia. Saa za pampu mara uwezo wake zikaribiane na mita. Tazama pia mtiririko wa kati ya saa 8 na saa 10 usiku, watu wakiwa wamelala. Kama bado ni mkubwa na upitishaji umeme uko chini, maji ya ardhini yanaingia kupitia mabomba yaliyopasuka, nawe unayalipia umeme wa kuyasukuma na kuyapulizia hewa.

Hatua ya 10: Sasa mashine ziendeshwe na vipimo

Anza na hewa, maana mara nyingi humeza nusu ya umeme wa mtambo au zaidi. Lenga oksijeni ya miligramu 2 kwa lita. Tangi linalokaa kwenye 4 linapoteza fedha: kwa maji ya nyuzi 20, pengo linalosukuma oksijeni kuingia majini limepungua kutoka 7.1 hadi 5.1, kwa hiyo unahitaji hewa karibu asilimia 40 zaidi kwa kazi ileile. Kifunge kipuliza hewa kibadilishi cha kasi, kifuate kihisi taratibu, kwa dakika na si kwa sekunde. Baadaye, amonia ikishaaminika, iachie ndiyo ipandishe na kushusha lengo la oksijeni. Tazama pH pia: kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa naitreti inakula gramu 4.57 za oksijeni na gramu 7.14 za alkali. Alkali ikiisha, pH huporomoka na bakteria husimama, hata hewa iwe nyingi vipi.

Kisha tope. Silinda ya lita 1 na saa vinatosha. Acha maji ya tangi yatulie dakika 30, soma ujazo wa tope, gawanya kwa gramu za tope kavu kwa lita. Mililita 250 kwa gramu 2.5 ni 100, tope zuri. Ikivuka 150 linavimba na litaanza kutoroka. Kuhusu umri wake, yaani siku ambazo tope hukaa mtamboni: tangi la mita za ujazo 400 lenye kilo 2.5 za tope kwa kila mita ya ujazo lina kilo 1,000. Ukitaka umri wa siku 10, toa kilo 100 kwa siku. Bomba la kurudishia likiwa na kilo 8 kwa mita ya ujazo, hizo ni mita za ujazo 12.5. Toa kiasi hicho kidogokidogo kila siku, usisubiri Ijumaa.

Jambo la mwisho ni kuiambia kompyuta ifanye nini kihisi kikifa. Kipuliza hewa kiende kasi gani? Pampu zifuate nini, boya la zamani? Andika majibu hayo ndani ya programu, uyabandike pia kwenye mlango wa kabati la umeme kwa maandishi makubwa. Kisha chagua siku ya kazi, mchana, timu nzima ikiwepo, uchomoe waya wa kihisi cha oksijeni kwa mkono wako. Kengele ilie, kipuliza hewa kishike kasi uliyoiandika, na mtu wa zamu aseme bila kusoma popote anachopaswa kufanya. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, rudisha waya, rekebisheni, mchomoe tena.